Kikundi kinataka kwenda kuzamia? Msianze na picha za kasa, anzeni na anayeogopa maji

Kariakoo neno "kuzamia" lina kazi nyingi. Kuna wanaozamia harusi bila kadi. Kuna waliozamia meli pale bandarini wakaenda kutafuta maisha. Siku hizi linarudi kwenye maana yake ya mwanzo kabisa: kuvaa mtungi wa hewa mgongoni na kushuka chini ya bahari kwenda kuangalia samaki.

Mara nyingi safari inaanza na video. Mtu anaweka kwenye grupu la WhatsApp kipande cha kasa anaelea juu ya matumbawe, wa pili anaandika "twendeni", wa tatu "mimi nipo", na jioni kuna orodha ya majina na namba ya kutumia mchango.

Chukulia kikundi cha watu nane, wenye maduka na wafanyakazi wa ofisi za katikati ya jiji. Mmoja ana cheti cha uzamiaji na amezamia mara nyingi. Wawili wamejaribu mara moja, miaka iliyopita. Mmoja anaogelea vizuri lakini hajawahi kuvaa mtungi. Watatu hawajui kuogelea. Wa nane anaogopa maji, ila hawezi kusema kwenye grupu.

Hao nane wanakwenda wapi?

Kariakoo kuna Mtaa wa Mafia na Mtaa wa Pemba, na mwenye miguu yake anaitembea yote miwili kabla chai haijapoa. Baharini, Mafia na Pemba ni mambo mawili tofauti kabisa. Ukikosea kuchagua, hasara si ya nauli tu. Mtu anaweza kuumia.

Pangeni watu kabla ya kupanga sehemu

Kosa la kwanza la vikundi vingi ni kumfuata anayejua zaidi. Ndiye anayetaja majina ya miamba, ndiye mwenye picha, kwa hiyo kila mtu anamwachia uamuzi. Anachagua sehemu inayomfurahisha yeye, wengine wanakuja kugundua wakiwa wameshafika.

Njia salama ni kugeuza. Sehemu ya kulala na bahari ya karibu ichaguliwe kwa kumwangalia mtu mgeni zaidi kwenye maji. Kisha ndani ya sehemu hiyo, kila mmoja atafutiwe mzamio wa kiwango chake. Mwenye cheti hakosi kitu, kwa sababu boti ile ile inaweza kumfikisha kwenye mwamba wenye kina zaidi siku nyingine.

Viwango vyenyewe havina siri. Mashirika ya mafunzo yanayojulikana duniani, kama PADI na SSI, yanafanana sana kwenye mipaka:

• Asiyejua kuogelea: asipewe mtungi kwa kubembelezwa. Aanze na jaketi la kuokolea kwenye maji ya kina kifupi, au abaki mwangaliaji kwenye boti.

• Anayejiamini majini lakini hana cheti: anaweza kufanya mzamio wa majaribio akiwa na mwalimu pembeni. Mwisho ni mita 12, na umri wa chini ni miaka 10.

• Mwenye cheti cha kwanza, Open Water Diver: mwisho mita 18.

• Mwenye cheti cha pili, Advanced Open Water: mwisho mita 30. Uzamiaji wa starehe kwa ujumla unaishia mita 40.

Kuna kundi la tano ambalo husahaulika: mwenye cheti ambaye hajaingia majini miaka mitatu au minne. Kadi yake haijafutwa, lakini mikono imesahau. Huyo anahitaji somo la kukumbushia kwenye bwawa au maji mafupi kabla ya kwenda kwenye miamba. Akikataa kwa sababu "mimi najua", mwenye boti makini atamkatalia.

Anayetaka cheti cha kwanza kabisa ajue kuna mtihani wa kuogelea. Kwa PADI ni mita 200 bila kusimama, au mita 300 ukiwa na miwani, mrija na mapezi, halafu kuelea dakika 10. Hakuna anayepima mbio, lakini huwezi kuumaliza kwa ujasiri wa maneno. Kama safari ni baada ya miezi mitatu, pesa ya kwanza ya kikundi ingefaa iende kwenye masomo ya kuogelea kwenye bwawa hapa hapa Dar.

Kwa nini mita zinahesabiwa hivyo?

Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Ukijaza puto hewa huko chini na kuliachia lipande, likifika juu litakuwa limetanuka mara mbili.

Mapafu ni puto la aina hiyo. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya uzamiaji, kabla hata ya kujua kutumia vifaa, ni kutobana pumzi. Unapumua muda wote, na unapanda polepole. Mtu aliyepata hofu akabana pumzi na kukimbilia juu anaweza kuumia vibaya hata kama alikuwa mita chache tu chini.

Masikio nayo yanasikia mabadiliko hayo mapema. Maumivu huanza ndani ya mita chache za kwanza, kwa hiyo mgeni hufundishwa kubana pua na kupuliza taratibu kila anaposhuka kidogo. Asiyeweza anapanda, anajaribu tena, na ikishindikana anaacha. Hakuna aibu hapo. Kulazimisha ndiko kunakopasua ngoma ya sikio.

Hii pia ndiyo sababu ya kusema kwamba "ni mita tano tu, njoo" si maneno ya kumwambia mtu mwenye hofu. Mita tano za kwanza ndizo ngumu zaidi kwake.

Fomu ya afya ijazwe Dar, si ufukweni

Kila kituo cha maana kitakupa fomu ya maswali ya afya. Inauliza kuhusu moyo, pumu, kifafa, matatizo ya masikio na ya pua, upasuaji wa karibuni na dawa unazotumia. Mjamzito haruhusiwi kuzamia.

Ukijibu "ndiyo" kwenye baadhi ya maswali, unatakiwa uwe na saini ya daktari kabla ya kuingia majini. Hapo ndipo safari nyingi huharibika. Mtu amelipa, amefika, amevaa suti, halafu anaambiwa aende kwa daktari akiwa kijijini asubuhi ya saa 2. Kinachofuata ni kishawishi: anafuta "ndiyo" anaweka "hapana".

Suluhisho ni rahisi. Ombeni fomu mapema kwa WhatsApp, kila mtu aisome peke yake nyumbani, na mwenye shaka amwone daktari wiki mbili kabla. Majibu ya afya yasijadiliwe kwenye grupu. Mtu anaweza kuwa na pumu au dawa ambayo hataki wenzake waijue, na akilazimishwa kusema hadharani atadanganya.

Mafua nayo yasidharauliwe. Pua ikiziba, masikio hayawezi kusawazisha mgandamizo. Aliyeamka na mafua siku ya safari abaki juu.

Sasa tuje kwenye sehemu

Mbudya na Bongoyo: jaribio la karibu

Kabla ya kupanda boti ya mbali, kikundi kinaweza kujipima hapa hapa jijini. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni visiwa na mafungu yaliyotengwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975, na leo yako chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Bongoyo watu wanaondokea Msasani, Mbudya wanaondokea fukwe za Kunduchi.

Msitegemee maji maangavu kama ya kwenye video. Bahari ya mbele ya jiji ina mchanga na shughuli nyingi, na miamba ya pwani hii iliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Lakini kwa siku moja ya Jumapili, mtu anaweza kuvaa miwani na mrija, akaweka uso majini, akajua kama analipenda jambo hili au la. Ni bei ndogo ya kupata jibu kubwa.

Kaskazini ya Unguja na Mnemba: chaguo la kikundi mchanganyiko

Kwa kikundi chenye watu wa kila aina, hapa ndipo hesabu hukaa vizuri. Nungwi na Kendwa zina vituo vingi vya uzamiaji. Bahari yake haikimbii mbali wakati wa maji kupwa kama ilivyo Matemwe au Paje, ambako kuna saa unatembea mbali sana kutafuta maji ya kuogelea. Asiyezamia anabaki na bahari ya kuchezea karibu siku nzima.

Kutoka hapo boti huenda Mnemba, eneo la hifadhi tangu 2002. Kuna miamba ya kina kifupi kwa wageni, kuna mteremko kwa wenye cheti, na wanaoogelea kwa mrija wanaona samaki kutoka juu. Watu wote nane wanaweza kupanda boti moja, na hilo ni jambo kubwa kwa kikundi. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, kwa hiyo msipange kushuka nchi kavu.

Ubaya wake ni msongamano. Asubuhi ya msimu boti hujaa, na kuna manahodha wanaowafukuzia pomboo ili abiria wapate picha. Kikundi kina haki ya kusema "sisi hatufukuzi pomboo" kabla ya kulipa.

Mwenye uzoefu naye ana pake. Kaskazini ya Nungwi kuna fungu la Leven, lenye mikondo mikali na samaki wakubwa. Hapo mgeni haendi, hata akiomba.

Mji Mkongwe: kwa wenye muda mfupi

Boti ya kasi kutoka Dar hadi Unguja ni mwendo wa kama saa mbili. Anayetaka kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili anaweza kulala mjini na kuzamia miamba ya karibu. Kuna mabaki ya Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu, kwenye kina kisichozidi sana mita 12.

Kuna pia HMS Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyoshambuliwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Hiyo ipo karibu mita 40. Ni ya wachache wenye mafunzo, wala haifai kuwa hoja ya kuchagua safari ya watu nane.

Karibu na hapo kuna Chumbe, hifadhi ya matumbawe tangu 1994. Kuzamia kwa mtungi hakuruhusiwi kwenye matumbawe yake, ni mrija tu. Kwa kikundi chenye wengi wasiozamia, katazo hilo ni faida: kwa siku moja, wote wako sawa.

Mafia: kwa wanaotaka utulivu na wanaojua kusubiri

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995 na ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, pamoja na vijiji ambavyo watu wake wanaishi na kuvua ndani ya hifadhi.

Ghuba ya Chole ni kama chumba chenye kuta. Ndani kuna maji yaliyokingwa ambayo mgeni anaweza kujifunzia. Mlango wake, Kinasi, una mkondo wenye nguvu maji yanapojaa na kupwa, na nje ya hapo ni bahari kuu. Hivyo kikundi kinaweza kugawanyika: wageni ndani, wazoefu mlangoni, wakakutana chakula cha mchana.

Kivutio kingine ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye chakula chake ni viumbe vidogo vya majini. Huonekana upande wa Kilindoni, zaidi kati ya Oktoba na Machi. Habari njema kwa wasio na cheti: huangaliwa kwa kuogelea juu na mrija, bila mtungi. Habari ya pili: ni bahari wazi, boti haigusi chini. Asiyejua kuogelea aangalie akiwa ndani ya boti. Na hakuna kumgusa.

Ugumu wa Mafia ni usafiri. Ndege ndogo kutoka Dar ni kama nusu saa, lakini viti ni vichache na kwa watu nane gharama inapanda. Njia ya bei nafuu ni barabara hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, halafu chombo cha majini hadi Kilindoni. Hapo bahari ndiyo inapanga ratiba. Mwenye duka ambaye lazima afungue Jumatatu asubuhi afikirie mara mbili.

Pemba: msubiri kidogo

Pemba inasifiwa na wazamiaji wazoefu, na sifa hizo ndizo sababu ya kuwa mwangalifu. Mkondo wa bahari unaotenganisha kisiwa na bara ni wa kina kirefu sana, na kuta za matumbawe zinashuka moja kwa moja gizani. Mikondo inabadilika. Mzamiaji anayeshindwa kujidhibiti kimo chake anaweza kushuka bila kujua, kwa sababu hakuna mchanga wa kumsimamisha.

Kuna sehemu tulivu, na kisiwa cha Misali kina matumbawe yanayofaa hata kwa mrija. Lakini kama kikundi kina wageni watano kati ya wanane, Pemba iwe safari ya pili, baada ya kupata vyeti.

Mwezi gani? Waulizeni wavuvi

Tovuti zitakuambia "mwaka mzima". Watu wa pwani hawasemi hivyo.

Kaskazi inavuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi: maji ya moto, bahari tulivu mara nyingi. Masika ya Machi hadi Mei huleta mvua na maji machafu, na hoteli kadhaa za Mafia hufunga Aprili na Mei. Kusi inashika kuanzia hapo hadi Septemba hivi, na upande wa mashariki wa visiwa huchafuka. Oktoba na Novemba, upepo ukiwa unabadilika, wengi huona ndiyo miezi mizuri kuliko yote.

Zaidi ya mwezi wa kalenda, angalieni mwezi wa angani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na mikondo inakuwa na nguvu. Katikati yake kuna maji mafu, ambapo bahari haisogei sana. Kikundi chenye wageni wengi kikipanga tarehe zake kwenye maji mafu, kimejipunguzia nusu ya hofu bila kulipa shilingi.

Jambo hili halimo kwenye ofa yoyote ya hoteli. Lakini mvuvi yeyote wa pale feri anaweza kukuambia bila kuangalia simu.

Kurudi: boti au ndege?

Hapa wengi hukosea. Baada ya kuzamia, mwili unabaki na gesi ya naitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu, na inatoka taratibu. Ukipanda ndege mapema, mgandamizo unashuka na gesi hiyo inaweza kutengeneza mapovu mwilini. Ugonjwa huo unaweza kuanza na maumivu ya viungo na ukaishia kwenye kupooza.

Kanuni inayotumika: subiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja, na angalau saa 18 kama umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Wengi wanashauri siku nzima. Ndege ndogo ya dakika 20 kutoka Unguja nayo ni ndege, usijidanganye kwa sababu safari ni fupi.

Hesabu yake ni hivi. Mzamio wa mwisho ukiisha Jumamosi saa 6 mchana, saa 18 zinaisha Jumapili saa 12 asubuhi. Ndege ya Jumamosi jioni haipo.

Boti haina tatizo hilo, kwa kuwa haipandi juu. Kwa mtu wa Dar hii ni faida ya Unguja: unaweza kurudi kwa boti na usisubiri saa hizo. Mafia kwa ndege inabidi ukate siku moja ya kuzamia mwishoni.

Bei: msipunguze mwalimu

Mtu wa Kariakoo anajua kupatana. Anajua pia kwamba kitu kikishuka bei sana, kuna sehemu kimepunguzwa. Kwenye uzamiaji, kinachopunguzwa huwa ni mwalimu, boti au matengenezo ya vifaa.

Papasi wa ufukweni atatoa bei nzuri papo hapo. Kabla ya kukubali, ulizeni kituo chenyewe maswali haya, na majibu yaje kwa maandishi:

• Mwalimu mmoja anashuka na wageni wangapi? Kwa mtu wa mara ya kwanza, wawili ni wengi tayari.

• Bei inajumuisha vifaa, boti, chakula na ada ya hifadhi, au vinaongezwa baadaye?

• Asiyezamia analipa kiasi gani kukaa kwenye boti?

• Boti ina oksijeni ya dharura, redio na jaketi za kuokolea za kutosha watu wote?

• Mtu akipata ugonjwa wa mgandamizo, chumba cha tiba kilicho karibu kiko wapi, kinafanya kazi, na nani anampeleka?

• Bahari ikichafuka au mtu akijitoa, pesa inarudi?

Swali la tano likijibiwa kwa kicheko, tafuteni kituo kingine.

Raia wabebe kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa ada za hifadhi kwa mwananchi ni ndogo kuliko za mgeni. Kama kuna ndugu anayekuja kutoka Muscat au London kwa pasipoti ya nje, tangu Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka akate bima maalumu ya dola 44. Asidhani moja kwa moja kuwa bima yoyote ya safari inabeba uzamiaji. Nyingi zina kikomo cha kina. Asome, aulize.

Kwa kina mama na dada wanaojisitiri: suti ya kuzamia inafunika kuanzia shingoni hadi miguuni, na kofia yake ipo. Semeni mapema ili ziletwe saizi zote. Na kama mtu angependa mwalimu wa kike, liulizwe wakati wa kupanga, siyo mkiwa kwenye boti.

Mfano wa kikundi cha watu nane

Kwa wale nane wa mwanzo, ratiba inayofanya kazi inaweza kuwa hivi.

Alhamisi: boti ya asubuhi, gari hadi Nungwi. Jioni, wote kwenye bwawa. Wawili wa zamani wanakumbushiwa, anayeogelea anafundishwa vifaa, wasiojua kuogelea wanafundishwa kupumua kwa mrija wakiwa wamesimama.

Ijumaa: mzamio wa kwanza wa kina kifupi. Mwenye cheti anashuka na kiongozi wake. Watatu wako ufukweni na jaketi.

Jumamosi: Mnemba, boti moja. Hii ndiyo siku ya picha.

Jumapili: mzoefu anakwenda Leven kama bahari inaruhusu. Wengine wanakwenda Mji Mkongwe.

Jumatatu: boti ya kurudi, na aliyefungua duka peke yake wiki nzima aletewe zawadi.

Na yule wa nane?

Duniani kote wazamiaji wana sheria moja: mtu yeyote anaweza kusitisha mzamio wowote, wakati wowote, kwa sababu yoyote, na haulizwi. Kikundi kinaweza kuipitisha sheria hiyo kabla hata ya kukusanya pesa. Wekeni kwenye makubaliano kwamba anayejitoa halipi faini, hachekwi, na kiti chake kwenye boti kinabaki.

Mratibu asiulize kwenye grupu nani anaogopa. Hakuna atakayejibu. Ampigie kila mtu simu, mmoja mmoja, na swali liwe hili: "Ukiwa majini, miguu haigusi chini, unajisikiaje?"

Jibu la swali hilo ndilo litakalowaambia pa kwenda.